Ndate Sinvula Anaondoka Ziwa Likiwa Kavu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Ndate Brendan Sinvula, Afisa Mwandamizi wa Mapatano katika Ofisi ya Ziwa Silumbi, atastaafu rasmi tarehe 30 Septemba. Atakabidhi redio ya mkononi, funguo za gari na buti la mguu wa kulia. La kushoto lilimezwa na tope zamani na hakuna aliyekuwa tayari kulifuata.

Mhariri wa jarida hili aliniomba habari ya kuchangamsha, ya kusomwa watu wakinywa chai. Nitajitahidi. Lakini niseme mapema kwamba sifurahii kustaafu huku hata kidogo, na Ndate mwenyewe hafurahii. Anaondoka kabla ziwa halijarudi, na anaondoka akiwa na deni la moyoni kwa wanawake wa kijiji cha Namuchi ambalo kwa miaka sita hakupata namna ya kulitua.

Nilimwuliza niandike nini na niache nini. Alikuwa amelala chini ya gari akitafuta mahali mafuta yanapovuja, akanijibu kutoka huko huko: “Andika upendavyo, Hilda, ila dimbwi la Mukena usiliruke. Ukiliruka utakuwa umemwandika mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hana kiinua mgongo.” Basi sitaliruka. Lakini kwanza nimsifu kidogo, maana anastahili.

Ndate Sinvula aliajiriwa akiwa kijana, msaidizi wa uvuvi, akatumwa Silumbi na barua nzuri yenye muhuri. Alipofika alikuta hakuna ziwa. Lilikuwa limekauka miaka mingi nyuma, na mahali pa mitumbwi palikuwa na mahindi na ng'ombe. Mkubwa fulani mjini hakuwa na habari, au alikuwa nayo akaipuuza. Mtu mwingine angegeuka akarudi siku ile ile. Ndate aliomba maji ya kunywa, akauliza mahali pa kulala, akakaa.

Watu walimcheka, na wasomaji wa jarida hili watanielewa nikisema watu wa kwetu wakianza kumcheka mtu hawana haraka ya kumaliza. Walimwita Afisa Samaki wa Mahindi. Wachungaji wakipishana naye asubuhi walimwuliza: “Ndate, leo umevua magunzi mangapi?” Naye hakununa. Alijibu: “Mawili tu, tena madogo. Nimeyarudisha shambani yakue.” Ndate maana yake ni baba, na wakati ule walimwita hivyo kwa kejeli. Kejeli iliisha, jina likabaki.

Katika miaka hiyo ya ukavu alifanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alitembea na wachungaji sakafu nzima ya ziwa, akiuliza maji yalikuwa yakiingilia wapi kwanza na samaki walikuwa wakijificha wapi mwisho. Aligundua kwamba wenyeji hawakuwa wakilihesabu Silumbi kuwa limekufa. Walilizungumzia kama mjomba aliyekwenda migodini kusini: haandiki barua, lakini hakuna aliyeleta habari za msiba. Bibi wa bibi zao waliliona likienda na kurudi. Ndate alianza kufikiri kwamba huenda kazi yake haikuwa kulitunza ziwa, ila kuwatunza watu na samaki watakaolipokea.

Kisha mto ukafurika, maji yakapita kwenye mfereji wa zamani unaotoka mtoni hadi ziwani, na ziwa likarudi. Ungedhani watu walisherehekea. Wenye mashamba walikuja ofisini wamekunja nyuso. Mmoja alimwambia Ndate: “Wewe si afisa wa samaki? Hayo maji ni ya idara yako. Njoo uyatoe kwenye mahindi yangu!” Ndate alikwenda naye mpaka shambani, wakasimama pamoja wakitazama mabua yakizama, kisha akamsaidia kuvuna yaliyokuwa bado yanafikika. Yule mkulima baadaye alikuwa mvuvi hodari kuliko wote.

Nilijiunga na ofisi mwaka uliofuata. Samaki walikuwa wengi hadi malori yalikuja kutoka Zambia na Kongo, na ugomvi ulikuja pamoja nayo. Ng'ombe walinasa kwenye nyavu, wavuvi walichoma matete ambayo wengine waliyahitaji kwa kuezekea, na asubuhi moja maksai wa mtu alikutwa amechomwa mkuki. Kila upande ulikuja kwetu ukitaka sheria dhidi ya upande mwingine. Nami nilikuwa nimetoka chuoni, nina sheria tele mkobani.

Ndate hakutaka sheria zangu. Aliita mkutano kwenye uwanja wa baraza la jadi na kuwaambia wachungaji walete maziwa ya mgando, wavuvi walete samaki, wakulima walete unga. Aliweka sufuria moja. Hakuna aliyeruhusiwa kufungua kinywa kwa maneno mpaka akifungue kwa chakula. Baada ya kula akatoa sharti la pili, ambalo sasa watu huja kujifunza kutoka mbali: kila atakayesimama aseme kwanza malalamiko ya mwenzake, sio yake.

Wa kwanza kusimamishwa alikuwa Ndate Matengu, mwenye ng'ombe wengi na sauti ya kuwaitia wote kwa mpigo. Alisimama, akalaza fimbo yake ya kuchungia chini. Kisha akasema: “Mimi ni mvuvi. Nimeamka na baridi, nimepiga kasia mpaka mabega yanalia, nafika kwenye wavu wangu naukuta umevaliwa na ng'ombe wa mtu mmoja mwenye majivuno, kauvaa kama shela ya bi harusi.” Uwanja mzima uliangua kicheko, na wavuvi walicheka kuliko wote. Matengu mwenyewe alicheka, akakaa, na alipokaa nusu ya ugomvi ilikuwa imekwisha. Hivyo ndivyo Mapatano ya Silumbi yalivyoanza.

Mafanikio yake mengine mnayajua, na mhariri ameyaweka kwenye ukurasa wa picha. Njia za ng'ombe za wakati wa maji na za wakati wa ukavu. Nyavu za plastiki zilizobadilishwa kwa nyavu za uzi. Matete yanayochomwa mapema kidogo kidogo, yakiwa bado na unyevu, badala ya kusubiri moto mmoja mkubwa unaoingia hadi kwenye mizizi na kufuka chini ya ardhi miezi mizima. Nitaongeza lile ambalo mhariri hakuliweka: afisa wetu wa samaki hajui kuogelea. Siku wageni kutoka mji mkuu, Windhoek, walipokuja, alitumbukia kutoka kwenye mtumbwi akapiga kelele ya kuaga dunia, akawataja watoto wake wote kwa majina, mpaka mvuvi mmoja akamwambia kwa upole: “Ndate, simama tu.” Akasimama. Maji yalimfika kiunoni. Wageni walipiga picha na mimi ninazo nakala, kwa atakayehitaji.

Aliwahi kupelekwa semina juu ya ustahimilivu wa mazingira. Alirudi na mkoba mpya na neno hilo moja. Nilimwuliza amejifunza nini. Alisema: “Nimejifunza jina la kitabuni la jambo tunalolijua. Ukishikilia kitu kibaki vile vile kila siku, siku kikibadilika kinavunjika mikononi mwako. Kumbe hatulilindi ziwa libaki, Hilda. Tunalilinda liweze kurudi.” Tangu siku ile akawa msumbufu. Kila nyumba aliyoingia aliuliza: maji yakiondoka kesho mtakula nini, na yakizidi kesho mtakula nini? Wanawake wa Namuchi walimjibu: “Tutakula maswali yako, Ndate. Yapo mengi, yatatushibisha.” Lakini waliomtania hivyo ndio waliotunza mbegu za mahindi ya muda mfupi na kuning'iniza nyavu darini badala ya kuziuza. Walimwamini. Hilo mlikumbuke mnaposoma yanayofuata.

Maji yalipoanza kuondoka tena, hakuna aliyestuka. Ziwa lilijikunyata mwaka hadi mwaka mpaka likabaki dimbwi la Mukena, karibu na Namuchi, ambamo perege na kambale wote waliosalia walijazana.

Kwetu dimbwi la mwisho ni la wanawake. Maji yakishuka hadi magotini, wanawake wa Namuchi huingia kwa mstari na vikapu vyao vya mdomo mpana, wakiimba, na wanaume hukaa ukingoni bila kutia neno. Samaki wa siku hizo hukaushwa na kuvusha nyumba mpaka mvua. Si mchezo wala ngoma ya watalii. Kwa mjane kama Mama Likezo Chilinda, aliyekuwa kiongozi wa wenye vikapu, ndiyo ghala lake.

Mwaka ule, miaka sita iliyopita, mvua ilikatika mahindi yakiwa kwenye maua. Njaa ilikuwa inaonekana kwa macho. Na ndio mwaka ambao Ndate Sinvula alileta pendekezo kwamba Mukena lifungwe. Samaki wale, alisema, ndio mbegu ya ziwa zima. Tukiwala, maji yatakaporudi yatakuta sakafu tupu. Wasiguswe mpaka mto ufurike. Kwa mtu wa kazi yetu lilikuwa wazo la maana, nami nililiunga mkono kama wengine wote.

Mkutano ukafuata utaratibu wake. Tulikula. Wachungaji wakasema ya wavuvi, wavuvi wakasema ya wakulima. Ilipofika zamu ya wenye vikapu, Ndate alisimama mwenyewe kuwasemea, maana aliona hakuna awajuaye kuliko yeye. Alisema: “Mimi ni mwanamke wa Namuchi. Nina njaa, lakini najua mwakani maji yatakuja. Nitasubiri.”

Mama Likezo alikuwa amekaa pale pale mbele yake. Alimwuliza jambo moja tu: “Ndate, una uhakika na hayo maji?”

Akasema anao. Wanawake wakatazamana, wakaitika. Walikwenda nyumbani wakatundika vikapu.

Maji hayakuja. Mukena lilishuka magotini, likashuka kwenye vifundo vya miguu, na kila asubuhi Ndate alikwenda kutazama mawingu upande wa Angola akirudi na neno “kesho”. Wenye vikapu hawakuingia, kwa kuwa walikuwa wametoa ahadi. Ikaja juma moja la joto kali, maji yakageuka rangi, na samaki wakaanza kuja juu wakihema. Siku ya pili wote walikuwa wamekufa. Wote, wazazi na vifaranga. Tulipofika walikuwa wamekwisha kuoza kwa lile joto, hawafai kuliwa wala kukaushwa, na korongo mfuko-shingo, wale ndege wala mizoga, walikuwa wengi kuliko watu.

Wanawake walisimama ukingoni. Mama Likezo alimwendea Ndate Sinvula karibu kabisa, akasema kwa sauti ambayo hata sisi tuliokuwa nyuma tuliisikia: “Ulituambia wewe ni mwanamke wa Namuchi. Haya, mwanamke wa Namuchi, nenda kapike.”

Wakaondoka. Mwezi ule Mama Likezo aliuza maksai wake wawili ili anunue unga, na msimu uliofuata hakulima, kwa sababu hakuwa na wa kuvuta jembe. Kwenye mkutano wa Mapatano mahali pa wanawake wa Namuchi palibaki mchanga mtupu. Hawakurudi.

Ndate alikaa Mukena siku kadhaa na koleo akifukia samaki. Hakuna aliyemwagiza. Nilimpelekea chai, akaiacha ikapoa. Wataalamu walipokuja baadaye, mmoja wao alitaka kumfariji, akasema huo ulikuwa ukame, si kosa la mtu. Ndate alimjibu mbele yetu sote: “Ukame ulikausha maji. Aliyefunga dimbwi ni mimi. Naomba msinichanganyie.”

Ningependa kuandika kwamba jambo hilo lilimfanya kuwa bora zaidi na mambo yakaisha vizuri. Lilimfanya kuwa bora, kweli. Baada ya Mukena hakuna kanuni ya Mapatano inayopitishwa bila kusema wazi itavunjwa lini na nani, tukiona tumekosea. Hakuna anayemsemea mwenzake aliyepo bila yule mwenzake kuambiwa, “Je, amesema kweli?” na kupewa nafasi ya kukataa. Majirani wanatuiga. Lakini mambo hayakuisha vizuri. Mapatano yaliendelea yakichechemea, kwa kuwa watu wenye haki ya dimbwi la mwisho hawakuwamo, na Ndate hakuwa tena mtu wa kucheka kwa sauti ofisini. Nilizoea kumsikia akicheka kabla sijaliona gari lake. Ninakikosa kicheko hicho hata sasa, na bado hajaondoka.

Kila mwaka baada ya mavuno alikwenda Namuchi. Mama Likezo hakumfukuza, maana hana tabia mbaya. Alimpa kigoda, akampa kikombe cha maziwa ya mgando, wakazungumza mvua, wajukuu na maboga. Habari za samaki hazikutajwa. Saa ya kuondoka alimpakilia maboga kwenye gari. Kwa miaka sita ofisi hii imekula maboga ya Mama Likezo, matamu kweli kweli, bila kuonja hata kijiko cha msamaha.

Na kila Aprili alikwenda kwenye mdomo wa mfereji kungoja mto. Alitaka jambo moja kabla ya kustaafu: alione Silumbi limejaa, samaki wamo, na mtu wa Namuchi anakula. Maji yalikuja mara chache, machache, ya kujaza Mukena na kuingiza samaki wachache kutoka mtoni, si ya kujaza ziwa. Mwaka huu mvua imekatika tena. Mukena linashuka. Ungesema mambo yamejipanga kumkejeli: mwaka wake wa mwisho ni kama mwaka ule, na dimbwi ni lile lile.

Mwezi wa Agosti, mkutano ukiwa umeanza na sufuria iko motoni, tuliwaona wanawake wa Namuchi wanakuja na vikapu vyao mabegani. Watu walisogea kuwapisha. Mama Likezo alikaa mahali pake pa zamani, akala kama desturi, akanawa, kisha akasimama. Mwenyekiti akauliza nani atawasemea. Alisema: “Hakuna. Mdomo wangu haujastaafu.”

Aliyosema ni haya. Mukena halitafungwa tena, hata na afisa mwenye kofia. Maji yakifika magotini vikapu vinaingia, hakuna kungoja mawingu ya mtu. Lakini siku ya kwanza haitakuwa ya kula. Samaki hai watachotwa, wawekwe kwenye mabeseni, wamiminwe kwenye mapipa yenye maji na kufunikwa matete mabichi, kisha wapelekwe kule kwenye mkono wa mto usiokauka. Wengi watakufa njiani, alisema, wachache watafika, na hao wachache watatosha kurudi siku maji yakija. Siku ya pili na zinazofuata ni za vikapu. Akamtazama Ndate Sinvula kwa mara ya kwanza: “Ulikuwa na haki kuhusu mbegu. Ila mtu hatunzi mbegu kwa kuikalisha ndani ya dimbwi linalokufa na kuwakalisha watu na njaa ukingoni. Huihamisha.”

Wakulima waliitika. Wavuvi waliitika. Mapipa yatabebwa kwenye magari ya kuburuzwa na maksai, na hapo Ndate Matengu aliguna: “Sasa ng'ombe wangu ndio wawe wapagazi wa samaki?”

“Kwani ni vibaya?” alisema Mama Likezo. “Mbona nyavu walikuwa wanavaa bila kulalamika.”

Tulicheka wote isipokuwa Ndate Sinvula. Alikuwa analia, na hakujificha. Alichotafuta kwa miaka sita kwa kufikiri, kwa semina na kwa safari za mdomo wa mfereji, wenye vikapu walikuwa nacho, na wangemwambia siku ile ile ya kwanza kama angewaacha wajisemee. Hilo ndilo linalomuumiza. Si kwamba hapakuwa na jibu. Jibu lilikuwa limekaa mbele yake likamwuliza kama ana uhakika na maji.

Watu walipotawanyika alimfuata Mama Likezo akamwuliza kama amemsamehe. Alimjibu huku akifunga kitenge vizuri: “Nani kakwambia? Mimi nimekuja kwa ajili ya samaki.” Akaenda zake na wenzake. Ndate alirudi garini akasema, “Ni haki yake,” akawasha gari.

Ratiba ya kumuaga ilikuwa imekwisha pangwa: tarehe 30 Septemba, hotelini mjini Katima Mulilo, nyama choma, keki, na hotuba tatu, mojawapo ndefu. Wakati huo huo Mukena lilikuwa linashuka haraka kuliko tulivyodhani, na wanawake wakapima, wakasema siku ya kuhamisha samaki ni hiyo hiyo, tarehe 30. Tulimwomba Ndate aje hotelini tu. Wachungaji na maksai wao wangesimama ukingoni, mwanamume mwingine hakuwa na kazi pale, na yeye kuliko wote. Alikubali. Alinunua hata shati.

Juzi simu ya ofisi ililia, nikapokea mimi. Ilikuwa Mama Likezo, na nyuma yake nilisikia mbuzi. Hakusalimia sana. Alisema: “Hilda, mwambie Sinvula beseni langu ni kubwa, linataka watu wawili, na upande wa pili sina mtu. Aje alfajiri. Aje na nguo ya kulowa.”

Nilimwita Ndate nikamwambia. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza kama nina hakika amemtaja yeye, si Sinvula mwingine, maana ukoo wao ni mkubwa. Nilimwambia amemtaja yeye. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa ofisi, mikono juu ya magoti, akasema: “Nimeitwa kwenye moto wa nyika, nimeitwa kwenye mikuki. Sijawahi kuitwa kazini nikaogopa hivi.”

Kwa hiyo sherehe ya hotelini imefutwa, na aliyelipia keki aache kununa, italetwa Mukena. Wote mnaotaka kumuaga Ndate Brendan Sinvula mtamkuta huko alfajiri ya tarehe 30, ndani ya dimbwi, ameshika upande mmoja wa beseni la Mama Likezo Chilinda. Wanaume mtasimama ukingoni na mtanyamaza. Hotuba hazitakuwepo, kwani mwenye beseni amekataa.

Ndate, tumejaribu kukutafutia zawadi inayokufaa na hatukuipata. Uliyostahili ilikuwa ziwa, nasi hatuna uwezo nalo. Inatuuma kwamba unaondoka unaacha vumbi na dimbwi la magotini. Inatuuma kwamba ofisi itafunguliwa Jumatatu na hakuna atakayeuliza tutakula nini maji yakiondoka. Asante kwa kukaa siku ile ya kwanza. Asante kwa sufuria. Asante kwa kukataa kufarijiwa pale ulipokosea, maana ulitufundisha kazi hii kwa kosa lako kuliko kwa mafanikio yako yote.

Samaki watakaofika mtoni watakuwa wachache, nao hawatajua nani aliwabeba. Sisi tutajua. Pumzika, Ndate, kula maboga, jifunze kuogelea. Na tunakuombea jambo moja tu, tunaliomba kwa moyo wote: siku maji yakirudi Silumbi, yakukute ukiwa hai.

Hilda Munihango
Afisa wa Mapatano, Ofisi ya Ziwa Silumbi